Mtu wa Kukaa

Nimepona, lakini sijatulia. Wanawake wa kliniki ya sukari, wale ninaokaa nao kwenye benchi kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, ndio walioniomba niandike haya ili yamsaidie mwingine. Waliniomba pia niyaandike kwa upole. Natumaini yatasaidia. Upole nimeutafuta, sikuupata.

Niliambiwa nina kisukari mwezi wa tatu, mvua ndefu zikianza. Tunakaa upande wa Othaya, kwenye mteremko: majani chai yako chini kabisa, nyumba iko katikati, na kituo cha kupimia majani kiko juu, kando ya barabara. Wakati huo nilikuwa na kilo tisini na moja, kiu isiyokatika, na macho yaliyoona ukungu hata siku ambazo ukungu haukuwepo. Daktari alinipa vidonge vya kumeza kila asubuhi, akaniambia nipunguze uzito polepole.

Mume wangu, Kariuki, ni fundi wa mawe mjini Nyeri na hurudi nyumbani Ijumaa. Jumapili iliyofuata alimleta dada yake mkubwa, Wangeci. Utotoni Wangeci ndiye aliyembeba Kariuki mgongoni, mama yao alipokuwa akichuma kahawa ya watu, na mpaka leo Wangeci akisema neno, Kariuki huitikia kabla hajalielewa. Mimi humwita Anti, kama watoto wangu wanavyomwita. Anaishi Skuta, kando ya mji wa Nyeri. Zamani alikuwa msusi, lakini miaka hii amekuwa kocha wa uzito. Ana kundi la wanawake kwenye simu, na kila Jumamosi anakutana nao katika ukumbi wa kukodi mjini.

“Lete simu, Mama Wambui,” aliniambia, viatu vyake bado vina matope ya kwangu. “Huu ugonjwa ni wa hesabu tu. Hesabu ikikubali, mwili unakubali.”

Aliniwekea programu ya kuhesabu kalori. Iliuliza umri, kimo, uzito. Kisha ikauliza shughuli zangu za kila siku zikoje, ikatoa majibu manne ya kuchagua: mtu wa kukaa, mwenye kazi nyepesi, mwenye kazi ya wastani, mwenye kazi nzito.

“Hapa tunaweka nini?” nikauliza.

“Umeandikwa kazi mahali?”

“Hapana.”

“Unaenda jimu?”

Kariuki akacheka. “Jimu gani? Huyu hukaa tu nyumbani.”

“Basi,” Wangeci akasema, na kidole chake kikabonyeza. “Mtu wa kukaa.”

Siku hiyo nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimekamua ng'ombe wawili, nimepandisha maziwa hadi barabarani, nimekata nepia, nyasi ya ng'ombe, ya siku mbili na kuibeba, nimefua, nimeenda kanisani kwa miguu na kurudi, na kuku waliyekuwa wakimla nilikuwa nimemchinja, nimemnyonyoa na kumpika mimi. Na hiyo ilikuwa siku ya mapumziko. Nilinyamaza. Hilo lilikuwa kosa langu, na ni hilo moja tu ninalolikubali.

Programu ilipiga hesabu ya mtu wa kukaa, ikanipa kalori elfu moja na mia mbili kwa siku.

Ningependa mjue kalori hizo zinaonekanaje huku kwetu. Ni kipande cha nduma, yaani gimbi, na chai isiyo na maziwa asubuhi. Ni kikombe cha githeri mchana, mahindi na maharagwe, kikombe kile cha uji cha mtoto. Ni sukuma wiki jioni na ugali wa kukunja kiganjani mara mbili, basi. Kila sahani niliipiga picha na kumtumia Wangeci kabla ya kula, naye alinijibu kwa dole gumba au kwa msalaba mwekundu. Mukimo, viazi vyetu vya kuponda na mahindi, ulipata msalaba. Parachichi la mti wangu mwenyewe lilipata misalaba mitatu.

Kilo zilishuka. Mwezi wa tano nilifunga leso kiunoni ili sketi isianguke. Kanisani walinigeuza kushoto na kulia kama nguo dukani. “Umekuwa msichana!” Nilifurahi, sitadanganya. Kliniki walipima sukari, wakaona imeshuka, wakanipongeza. Hawakuniuliza nakula nini, nami sikuwaambia, kwa sababu Wangeci alikuwa ameniambia watu wa hospitali hawapendi mtu anayejisaidia.

Kisha mwili ukaanza kunidai. Nywele zilitoka kwenye kitana kwa mafungu. Siku zangu za mwezi zikakatika, nikiwa na miaka arobaini na mbili. Mwezi wa saba, baridi ile ya kukaa ndani ya wingu kutwa nzima, nilikuwa nachuma majani huku jasho linanitiririka mgongoni na mikono inatetemeka hata siwezi kukata jani bila kuvunja kijiti. Nilikuwa mkali. Binti yangu Wambui alipokuja kutoka chuoni kwa likizo, nilimfokea kwa sababu ya kipande cha chapati alichokiacha kwenye sahani. Si kwamba alikiacha. Ni kwamba nilikitaka.

Nilimpigia Wangeci.

“Ati unatetemeka? Hiyo ni mafuta inatoka. Vumilia.”

“Anti, labda pale mwanzo tulijaza vibaya. Mimi nachuma majani, nabeba, nakata nepia...”

“Sikiza, Mama Wambui. Ukianza kujihesabia kazi ya nyumbani utakula kama dereva wa lori. Hizo kazi kila mwanamke anafanya. Hakuna mahali apu imesema kukamua ng'ombe ni mazoezi.”

Nikaongeza sweta, nikijiambia ni baridi inayonitetemesha.

Nilianguka mwezi wa nane, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemeza kidonge, nimekula kile kipande cha nduma, na nimechuma tangu saa moja. Nilijitwika kikapu mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, nikaanza kupanda. Katikati ya mlima mistari ya michai ilianza kuingiliana. Nilifika kwenye foleni ya mizani bila kujua nimefikaje. Karani aliniuliza namba yangu ya mkulima, ambayo nimeitaja kwa miaka kumi na tisa. Nilimtajia jina la marehemu mama yangu. Watu wakacheka. Nikasikia mzee mmoja wa kanisa letu akisema, “Pombe imeingia hata kwa huyu.”

Nilikumbuka sauti hiyo hospitalini, na bado naikumbuka kila anapopitisha kikapu cha sadaka.

Nikaanguka na kikapu changu, mkono wa kulia ukiwa chini yangu na paji la uso likipiga jiwe la ukingo wa barabara. Aliyeniokoa ni mama anayeuza chai pale kituoni, ambaye mamake alikuwa na ugonjwa huu. Aliacha jiko lake, akanilaza kwa ubavu, akanipaka sukari ndani ya shavu kwa kidole chake huku akiwakemea wengine. “Huyu hajalewa! Huyu ana njaa!” Ni yeye peke yake aliyelisema neno hilo, na alilisema kabla ya daktari yeyote.

Sukari yangu ilikuwa imeshuka karibu na pale ambapo mtu haamki. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika mahali pawili. Nilishonwa nyuzi saba juu ya jicho, nikalazwa.

Siku ya pili wodini, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akichezea simu yake. Akanitazama, akatazama simu, akanitazama tena. “Mama, huyu si wewe?”

Nilikuwa mimi, mara mbili. Kushoto nilikuwa na kilo tisini na moja, nimevaa nguo ya harusi ya jirani. Kulia nilikuwa na kilo sabini, nimesimama mlangoni mwangu na leso kiunoni. Chini yake Wangeci alikuwa ameandika: “Huyu ni wifi yangu. Kilo ishirini na moja, miezi mitano! Wewe pia unaweza. Karibu Jumamosi.” Alikuwa ameitundika asubuhi hiyo hiyo. Kariuki alikuwa amemwambia jana yake kwamba nimelazwa. Nilihakikisha jambo hilo baadaye, nikamwuliza mara mbili.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kupona. Muuguzi alidhani ni dripu.

Kabla sijatolewa, daktari alipunguza vidonge vyangu, akanituma kwa afisa wa lishe, mwanamke mfupi wa makamo mwenye sauti ya chini. Sikumkuta na chati wala mahubiri. Alichukua karatasi, akasema, “Niambie siku moja kabla ya kuanguka. Anza ulipoamka. Usiruke kitu.”

Nikaanza. Maziwa, barabara, nepia, zizi, majani, mlima, foleni, kurudi, kuni, majani tena, mlima tena. Aliandika hadi karatasi ikajaa, akaigeuza. Nilipofika jioni aliweka kalamu chini.

“Na ni nani alisema wewe ni mtu wa kukaa?”

Nikalia, na nilikuwa nalia kwa hasira.

Alibadilisha pale kwenye simu mbele yangu, akaweka kazi nzito, akaniambia maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema. “Hilo swali haliulizi cheo chako. Linauliza mwili wako unafanya nini wiki ya kawaida, si wiki moja ya mavuno wala wiki moja ya mvua. Ukiwa hujui, weka katikati. Ukae wiki mbili tatu, uangalie uzito, njaa, nguvu na sukari, ndio ubadilishe. Kazi ikibadilika, na hapo ubadilishe. Na mtu anayemeza vidonge vya sukari asipunguze chakula kabla hajatuambia sisi.” Kisha akaongeza, “Hiyo mashine inaamini chochote unachoiambia.”

Kwa wiki sita za plasta shughuli zangu zilikuwa ndogo kweli, kwa hiyo tuliiteremsha tena kidogo, na niliibonyeza mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kariuki aliomba ruhusa kazini akarudi nyumbani. Mtu anayejenga nyumba za ghorofa, niliwaza, hatashindwa na mteremko.

Nilitoa kigoda nje, nikakaa, nikamtazama. Siku ya kwanza ng'ombe alimwaga ndoo. Siku ya pili alifika kituoni mizani ikiwa imefungwa, akarudi na majani yake. Siku ya tatu alilala na kijiko mkononi, uso umekaribia sahani. Ningeweza kumwonyesha jinsi ya kufunga nepia ili isiteleze. Sikumwonyesha. Siku ya nne alikuja akasimama mbele ya kigoda changu, alama ya ukanda imemchora paji la uso.

“Mama Wambui. Hii yote unafanyanga kila siku?”

“Mimi?” nikasema. “Mimi hukaa tu nyumbani.”

Akaenda nyuma ya zizi, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliniomba msamaha, kwa maneno, akinitazama. Nikampokea. Nikamwonyesha jinsi ya kufunga nepia. Lakini kigodani sikutoka.

Kliniki ya mwezi wa tisa nilikaa karibu na Mama Muriuki, mkulima wa mpunga kutoka Mwea ambaye alikatwa mguu kwa ugonjwa huu na sasa anaishi kwa binti yake mjini. Benchi letu ni refu, na tunasogea kidogo kidogo kuelekea mlango, kila mtu akirithi joto la mwenzake. Alinipa karanga kutoka mfukoni, nikamweleza yote.

“Mimi nilisimama kwa maji ya mpunga miaka thelathini,” akasema. “Sasa binti yangu ameniandika mtu wa kukaa, eti niko na mguu moja. Haya! Huyu moja anafanya kazi ya wawili.” Akatafuna. “Na huyo wifi yako, ako na wanawake wangapi?”

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nililiwaza njia nzima ya kurudi.

Wangeci alinipigia mwezi wa kumi, mvua fupi zikikaribia. Alisema pole ya mkono, akasema utelezi wa Othaya ni mbaya, akasema angependa nije Jumamosi nitoe ushuhuda. “Wanawake wanakuuliza sana. Wewe ndio picha yao.”

“Nitakuja, Anti,” nikasema.

Kariuki alisikia sauti yangu, akaelewa. “Usimwaibishe. Ni dada yangu.”

“Nitasema ukweli mtupu,” nikamwambia. “Aibu ikiwa ndani, si mimi nimeiweka.”

Plasta ilikuwa imetolewa siku chache kabla. Nilivaa kitambaa cha kichwa kilichoacha kovu la paji wazi. Ukumbini kulikuwa na wanawake wapata thelathini kwenye viti vya plastiki, na picha yangu, ile ya kulia, ilikuwa imechapishwa ukubwa wa mlango. Wangeci alinikumbatia mbele yao, akanikabidhi maikrofoni.

Nilisema, “Hiyo picha ilipigwa wiki mbili kabla sijaanguka.” Kisha nikawaambia. Niliwaambia nywele, jasho, siku zangu, chapati ya mtoto wangu. Niliwaambia mizani, na jina la mama yangu. Niliwaambia siku ambayo picha yangu ilitundikwa, na kitanda nilichokuwa nimelalia. Nilikuwa nimejizoeza haya maneno shambani kwa wiki nzima, nikiyasemea michai, na hayakutetemeka.

Wangeci alikuja karibu akitabasamu. “Mama Wambui amekuwa na majaribu mengi...”

“Sijamaliza, Anti,” nikasema. “Wamama, fungueni simu zenu. Tafuteni mahali pameandikwa shughuli. Mwone mmewekwa nini.”

Vidole vikaanza kutembea kwenye simu. Kisha mwanamke wa mstari wa mbele, Mama Zuhura kutoka Majengo, anayepika kwenye maharusi, akasimama na simu yake mkononi.

“Mimi hupika pilau ya watu mia tatu,” akasema taratibu. “Nasimama tangu alfajiri, nageuza sufuria ambayo wanaume wawili huishusha. Mimi ni mtu wa kukaa?”

“Na mimi,” mwingine akasema nyuma. “Na mimi nabeba viazi soko.” Na mimi. Na mimi. Wote, aliyekaa na asiyekaa, walikuwa wamebonyezewa jibu moja.

Wangeci hakuwa na tabasamu tena. Kama angeomba radhi pale, nadhani wangemsamehe, na mimi ningelazimika. Badala yake alikasirika, na hasira ikautoa ukweli. “Mnataka kupungua ama hamtaki? Nikiweka juu mtapungua pole pole! Na mtu akipungua pole pole, nani ataona? Nani ataleta mwenzake?”

Mama Zuhura alichukua mkoba wake. Simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine, zikitangaza fulani ametoka kwenye kundi, fulani ametoka kwenye kundi. Nilisimama pale hadi mlio wa mwisho. Kisha nikaenda kwa mkahawa wa chini, nikaagiza sahani ya githeri iliyojaa, nikaiandika kwenye programu yote bila kuficha hata punje, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Mama mkwe aliniita kwake siku ya Krismasi. Aliniambia Wangeci amerudi kusuka, amekonda, hasemi na mtu. Aliniambia ni damu. Nilisubiri huruma inijie, na ikaja kidogo, kama baridi ya kupita. Nilimwambia, “Mama, akija kuomba msamaha, nitampa siku hiyo hiyo. Hajaja.”

Sasa nina kilo sabini na sita. Sukari yangu imekaa. Nywele zimerudi, fupi na ngumu. Kwa wewe unayeanza safari hii: swali lile la shughuli usilijibu ukiwa sebuleni na watu wanakutazama. Lijibu peke yako, baada ya kuandika siku yako yote kuanzia ulipoamka, na ulipeleke kliniki walisome. Ukihisi jasho kwenye baridi, mikono ikitetemeka, usivumilie. Weka sukari mdomoni kwanza, halafu uulize maswali.

Mwezi wa kwanza, vumbi likiwa juu, Wangeci alikuja. Nilimkaribisha, nikammiminia chai. Alikuwa amekonda kweli.

“Mama Wambui, nimekuja tuongee kama watu wa nyumba moja,” akasema. “Wengine wako tayari kurudi. Wanataka tu kusikia kutoka kwako. Sema ilikuwa shida ya simu. Sema tumeongea.”

Nilingoja. Nilimpa muda wa kutosha kumaliza kikombe kizima, nikamwongeza nusu. Neno moja tu, na ningelichukua.

“Si ulipona?” akasema.

Nikageuza mkono wangu wa kulia juu ya meza ili auone. Haugeuki wote. Unafika nusu, kisha unakwama, na daktari amesema utabaki hivyo.

“Sitasema, Anti.”

“Hata Kariuki akikuomba?”

Kariuki alikuwa mlangoni, ametoka kukata nepia, mzigo bado uko mgongoni. “Mimi siombi,” akasema, akapita kwenda zizini.

Nilimsindikiza Wangeci hadi getini, kwa sababu nililelewa vizuri, nikamwambia asalimie watoto. Alitembea akipanda mlima polepole, akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi. Nilifunga geti, nikarudi ndani, nikamalizia chai yangu ikiwa bado moto.